Taa ya Kibarazani

Stata ya lori ilitoa mguno mmoja, ikanyamaza.

"Usinifanyie hivi," Elzear Flett aliliambia lori. "Si leo."

Ilikuwa asubuhi yenye giza bado, na baridi ya digrii arobaini na nne chini ya sifuri. Saa moja kamili malori matatu yalitakiwa kuvuka ziwa pamoja, juu ya barafu, kupeleka ng'ambo mafuta ya kupashia nyumba joto. Elzear alikwisha kuwachelewesha wenzake mara mbili, na bosi wake, Gaspard, alikuwa amesema wazi: mara ya tatu, ufunguo anapewa mwingine. Miaka ishirini na sita na lori lile lile! Machozi ya hasira yalimtoka, nayo yakagandia kwenye kope.

Jana jioni alichomeka waya wa hita ya injini, ile ya umeme inayoizuia isigande usiku, kama kila jioni. Aliufuata kwa tochi, kutoka kwenye lori hadi soketi ya kibarazani. Umechomekwa vizuri. Akainua macho, akaona taa ya mlangoni imezimwa.

Taa na soketi zilikuwa na swichi moja. Alaaniwe fundi aliyezifunga.

"Mama!" alifoka akiingia. Mkwewe, Bibi Philomene, alikuwa akikoroga uji. "Umezima taa tena? Si nilibandika karatasi?"

"Niliiona. Una mwandiko mbaya."

"Hita inazimika nayo! Unataka nishinde hapa nikifuma soksi na wewe?"

"Usingeziweza."

Simu ikalia. Gaspard.

"Bwana harusi, bado unajipamba? Nakupa nusu saa. Usipotokea, usije tena."

Elzear aliburuta jiko la gesi, akaliunga na bomba la bati, akaelekeza moto chini ya injini. Turubai la kuzuia joto lisitoroke halikutosha. Alikuwa akilivuta huku na kule, akitukana, blanketi lilipotua juu ya boneti. Bibi Philomene alikuwa ameshika pindo lake, amevaa makoti mawili.

"Rudi ndani, mama. Utaganda."

"Shika huko, acha kelele."

"Lakini kwa nini unaizima?"

"Taa ya mlangoni ni ya aliye nje. Wa mwisho akiingia, inazimwa. Ndipo napata usingizi." Alivuta blanketi. "Ya Adèle iliwaka siku nne."

Adèle alikuwa binti yake, na mke wa Elzear. Dhoruba ya theluji ilimkuta njiani, asirudi tena. Elzear aliinama akarekebisha bomba ambalo halikuwa na kasoro.

"Sasa ikikaa inawaka," bibi akauliza, "nitajuaje umerudi?"

"Nitakugongea mlango wa chumba."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa unakoroma, mama! Niachie taa yangu!"

Alipanda, akazungusha ufunguo. Mguno. Mguno tena. Halafu kikohozi, moshi mweupe, na injini ikashika, ikitetemesha mpaka vioo vya nyumba. Zilikuwa zimebaki dakika tisa. Bibi alilivuta blanketi lake, akalitazama kwa hasira: moto ulikuwa umetoboa shimo la ukubwa wa sahani.

"Utanunua jingine!" alipaza sauti.

Elzear alipunga mkono, akaingia barabarani. Kwenye kioo cha pembeni taa ya kibarazani ikawaka. Bibi alisimama chini yake, blanketi mabegani, mwanga ukipenya kwenye lile shimo, wala hakusogea mpaka lori likakata kona.