Mume Wangu Hajaoa

Mume wangu Lwitiko aliwahi kuwa kapera kwa muda wa wiki mbili, mwaka 2013, tukiwa na miaka kumi na tano ya ndoa na binti wa kidato cha pili. Habari hiyo sikuipata kwa majirani. Niliisoma mwenyewe kwenye barua, juu ya mhuri wa serikali ya mtaa, na mhuri wenyewe ulikuwa umegongwa vizuri, haukuchovywa wino kupita kiasi.

Tulikuwa tunanunua nyumba, Chapwa, hapa hapa Tunduma. Mzee Yahaya, msafirishaji aliyekuja na lori moja akaishia na manne, alikuwa anarudi kwao Tanga na alitaka kuuza kabla ya mwezi uliofuata kuisha. Vyumba vinne, kisima uani, na bei isiyo ya matusi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu niolewe nilikuwa nimepanga nyumba tano, nikifungasha vyombo kila mara mwenye nyumba anapokumbuka kwamba ana mpwa anayetafuta chumba. Siku niliyoingia jikoni kwa Mzee Yahaya nikaona dirisha linatazama uani, nilitamani kulia. Niliitaka nyumba ile, na nilitaka jina langu liandikwe kwenye hati yake. Nusu ya kianzio ilitoka kwenye fungu langu la kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopa. Nusu ya pili ilikuwa ya Lwitiko, na sehemu yake alikuwa amenikopa mimi.

Iliyobaki ingetoka benki, tulipe kidogo kidogo kwa miaka kumi na tano. Siku zile mkopo wa nyumba ulikuwa kitu kigeni kwetu. Watu walijenga kwa kununua tofali leo na bati mwakani, na aliyethubutu kwenda benki alitafuta kwanza mtu wa kumwongoza. Wa kwetu alikuwa Mzee Anania, karani wa benki mstaafu, aliyekuwa akitembea kwa miguu mji mzima na faili za watu ndani ya mfuko wa rambo. Siku ya kwanza alikaa, akakataa soda, akauliza swali moja tu.

"Cheti cha ndoa kiko wapi?"

Lwitiko akaniangalia. Mimi nikaangalia mlango.

Cheti kilikuwa kwetu Hasamba, Mbozi, kwenye sanduku la baba yangu. Baba ni mkulima wa kahawa, mtu wa kanisa na mtu wa kumbukumbu. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe wanne. Lwitiko alileta watatu, wa nne akaahidi kumleta baada ya Pasaka, ila hakusema Pasaka ya mwaka gani. Basi siku ya harusi, mchungaji alipotukabidhi cheti, baba alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma chote, akakifungia. Akasema kitakaa salama humo mpaka wa nne afike. Wageni wakacheka, na Lwitiko naye akacheka, akidhani ni utani wa wakwe.

Miaka kumi na tano hatukukihitaji. Mtoto haulizi cheti ili azaliwe. Kanisani wangeweza kutupa nakala, lakini mzee wa kanisa anayeshika funguo za kabati la vitabu ni huyo huyo baba.

"Bila cheti hakuna fomu ya ridhaa ya mwenzi," Mzee Anania alisema. "Na mimi sipeleki nyumba ya watu wawili kwa jina la mmoja. Mwalimu, na wewe jina lako litaingia. Nitakwenda Hasamba kuongea na mzee."

Akaenda. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na huwezi kumkuta mtu wa Mbozi shambani mwake ukamkalisha chini kuongea makaratasi huku matunda yanaiva. Mzee Anania akachuma naye. Safari ya kwanza ng'ombe hakutajwa kabisa. Safari ya pili alitajwa, pamoja na ndama ambao angekuwa ameshawazaa. Safari ya tatu Mzee Anania alirudi na kucha nyeusi na habari njema: ndama wamesamehewa, baba atapokea mtamba mmoja mdogo badala ya ng'ombe mzima, ila Lwitiko mwenyewe amlete, apige magoti, asalimie.

Mimi nilifurahi. Lwitiko alivimba.

"Huyu ni mshauri wa mkopo au mshenga?" akaniuliza. "Nimempa kazi ya benki, yeye anakwenda kuchuma kahawa ya mkwe wangu. Wiki tatu, Mama Ketrina. Mzee Yahaya anafunga mizigo."

"Mtamba mmoja tu. Nenda ukamalize."

"Nikapige magoti kwa umri huu?"

Nataka nieleweke hapa. Mume wangu alikuwa tayari kulipa benki kila mwezi kwa miaka kumi na tano, pamoja na riba, kwa watu asiowajua hata kwa sura. Mtamba mmoja kwa aliyemlelea mke ndiye aliyemshinda.

Kesho yake akaja na Nathanaeli.

Nathanaeli alikuwa kijana wa tai na kompyuta ya mapajani, na viatu ambavyo vumbi la Tunduma lilikuwa bado halijavigundua. Alinipa kadi yenye jina lake na cheo kirefu kuliko jina. Lwitiko alimpata mpakani, ambako yeye ni wakala wa forodha. Pale mpakani kuna malori yanasubiri siku tisa na kuna malori yanapita siku hiyo hiyo, na Nathanaeli alikuwa akifahamika na wenye yale yanayopita.

"Bosi, faili lenu liko kienyeji sana," alisema akifungua karatasi za Mzee Anania kwa kidole kimoja. "Cheti cha ndoa? Ridhaa ya mwenzi? Mambo ya kujichelewesha. Niachieni mimi."

Nikauliza Mzee Anania ataambiwaje. Lwitiko akasema ameshamtumia ujumbe kwa simu. Niliomba niuone. Ulikuwa umeandikwa: *Asante kwa huduma yako, tumepata mtu mwingine.* Miguu ya mzee ilikuwa haijapona bado safari za Hasamba. Niliona aibu, na nikanyamaza, na kwa kunyamaza kule najilaumu mpaka leo.

Lakini sitasema uongo, Nathanaeli alikuwa na kasi. Siku ya pili mthamini alikuwa ameshapima nyumba. Siku ya nne fomu zote zilikuwa zimechapwa. Siku ya sita Lwitiko alirudi akiimba, akaziweka mezani, akaenda kuoga. Nikazichukua nione jina langu limekaa wapi. Nilianza ukurasa wa kwanza, nikafika wa mwisho, nikarudi mwanzo nikifikiri karatasi mbili zimegandana. Halafu nikaiona barua ya mwenyekiti wa mtaa, inayomthibitishia yeyote anayehusika kwamba Bwana Lwitiko ni mkazi mwema, hana kesi, na hajaoa. Mwenyekiti yule alikula pilau ya kipaimara cha Ketrina, akaomba ya kubeba.

Lwitiko akatoka bafuni na taulo.

"Hii ni nini?"

"Ni ya benki tu," akasema. "Asiyeoa haombwi ridhaa ya mke. Nathanaeli kasema wote wanafanya hivyo. Mkopo ukitoka, tunarudi kwenye hali yetu."

"Hali gani?"

"Ya ndoa, Mama Ketrina. Usilikuze."

Alisema kwa upole, na sidhani kama aliona ubaya wowote. Kazi yake ni kupitisha mizigo. Mzigo ukikosa karatasi yake, hautupwi, unaandikwa jina lingine na unavuka. Mimi nilikosa karatasi, basi nikaandikwa jina lingine. Nililipata siku iliyofuata.

"Dada," Nathanaeli aliniambia, akiwa amesimama sebuleni kwangu akikagua kuta, "afisa wa benki anakuja Jumatano kuhakiki makazi ya mwombaji. Atamkuta hapa bosi, anaishi na dada yake. Dada yake ni wewe."

"Na binti yetu?"

"Huyo asiwepo kabisa. Sura ni ya bosi tupu."

Ketrina akapelekwa Nanyala kwa shangazi yake. Picha ya harusi ikateremshwa, na mahali pake, ukuta ulipobaki mweupe, Nathanaeli akatundika kalenda ya timu ya mpira. Chumbani akahamisha nguo zangu kwenye chumba cha mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Mume wangu alimshikia mlango. Nilisimama nikiwatazama wanaume wawili wakinihamisha kwangu, na kwa kweli nilikubali kwa sababu ya lile dirisha la jikoni. Nilijiambia ni Jumatano moja tu.

Afisa alikuwa dada mmoja mwembamba mpole aitwaye Jenista, aliyekuja kwa pikipiki ya kukodi na faili letu kifuani. Nathanaeli akamkaribisha kama nyumba ni yake. Mimi nikaleta chai na maandazi.

"Nyumba safi sana," Jenista alisema, "kwa kaka ambaye hajaoa."

"Dada yangu ananisaidia," Lwitiko akajibu. Hakujikwaa hata kidogo. Nilitegemea angalau ajikwae.

"Na wewe kaka, mpango wa kuoa upo?"

"Mungu akijalia," akasema mume wangu, akachukua andazi. Nathanaeli akatikisa kichwa kuashiria jibu ni zuri.

Jenista akauliza ya mshahara, ya ajira, ya kodi tunayolipa. Kila Lwitiko aliposita, Nathanaeli alijibu badala yake, na ukisikiliza bila kutazama ungedhani anayekopa ni Nathanaeli. Mambo yakaenda vizuri. Jenista akafika ukurasa wa mwisho, akaondoa kifuniko cha kalamu, akanigeukia mimi.

"Dada, wewe umeandikwa hapa kama ndugu wa karibu, kwa hiyo hili nalihakiki kwako. Mkopo huu una bima. Kaka yako akifariki kabla hajamaliza, bima italipa benki, na nyumba inabaki haina deni. Lazima tuandike inabaki kwa nani. Kaka amejaza hapa mama yake mzazi. Nyie wa familia mnakubaliana hivyo?"

Akanigeuzia karatasi nisome; haikuwemo kwenye zile nilizozisoma mezani. Sehemu zote zilikuwa zimechapwa kwa kompyuta ila hiyo. Hiyo ilijazwa kwa mkono, na mwandiko ule naujua tangu enzi za barua za uchumba. Aliandika jina la mama yake, taratibu, kwa herufi kubwa, hakukata wala kufuta. Nikaelewa kwamba alipokuwa akiandika hakuwa ananidanganya mimi wala benki. Aliulizwa mtu wake ni nani, akaangalia juu ya karatasi ile akaona yeye ni kapera, akajibu kama kapera.

Niliumia. Nyumba ya Chapwa ilikuwa mbele yangu kabisa, inangoja neno moja, ndiyo, na Ijumaa Mzee Yahaya angetukabidhi funguo. Ningepika kwenye jiko lile, nikitazama uani, katika nyumba ya mama mkwe wangu, mimi dada wa marehemu. Nikafikiria pia mahali pa kupata nyumba ya sita ya kupanga.

"Hapana," nikasema. "Iandikwe ni ya mkewe."

Jenista akatabasamu kwa subira. "Lakini hana mke, dada."

"Anaye. Ndiye aliyekutilia chai."

Jenista akaangalia kikombe chake, akakiweka chini polepole. Akaiangalia kalenda ya mpira. Nathanaeli akaanza kucheka, akasema dada huyu ana utani sana, watu wa Mbozi ndivyo walivyo. Hakuna aliyemfuata kucheka. Yule dada mpole wa benki hakuwa mpole tena. Aliichukua fomu, akaipitia kuanzia juu kwa ncha ya kalamu, akaisimamisha kwenye neno lile, hajaoa.

"Bwana Lwitiko," akasema, "nakuuliza mara moja, na nitaandika utakachojibu. Huyu ni mkeo?"

Swali lilihitaji jibu la neno moja. Ketrina angelijibu akiwa na miaka miwili. Nilimwangalia mume wangu, nikasubiri, na nakiri kwamba hata wakati ule kama angesema ndiyo ningesamehe yote, chumba, picha, hata jina la mama yake, nyumba ingepotea na nisingeililia.

Alilamba sukari ya andazi kidoleni. Halafu akageuka, akamtazama Nathanaeli usoni, akisubiri kuambiwa ajibu nini.