Senene wa Buibui

Mume wangu Rwegoshora alirudi kutoka vita vya Uganda akiwa na miguu yake yote miwili na mikono yote miwili, nasi tukamshukuru Mungu kanisani kwa kuku na mkungu wa ndizi. Kilichobaki huko ni sauti yake. Kabla ya vita alikuwa besi wa kwaya yetu ya Kilutheri hapa Kanoni, mtu wa kubishana hata na jogoo. Sasa mwaka na zaidi ulikuwa umepita, na kwa siku nzima nilipata kwake maneno matatu: ndiyo, hapana na maji. Wakwe zangu waliniambia nivumilie, eti ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni rahisi kusema hivyo kama nundu iko kwa mwenzako.

Nilitaka kitu kimoja tu: aseme nami. Hata akitaka kunitukana, anitukane.

Basi fikiria hasira yangu siku aliyoshuka kutoka mlimani na makopo mawili, na ndani ya kila kopo buibui. Si wale wadogo wa kwenye dari. Hawa walikuwa wa mashimoni, wenye manyoya, mmoja akijinyoosha anajaza kiganja. Akawaweka mezani, karibu na uji wa mtoto. Wa kwanza alikuwa mwembamba, miguu mirefu, mzuri kwa kadiri buibui anavyoweza kuwa mzuri. Wa pili alikuwa mnene, rangi ya udongo, amejikunyata. Mume wangu alinitazama, nikadhani ananitaka nichague. Kwa kuwa sikuwa nikiulizwa lolote siku hizo, nikaonyesha yule mwembamba.

"Huyo dume," akasema. "Hamalizi mwaka. Huyu jike ataishi miaka mingi."

Tangu arudi sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Akamrudisha dume mlimani, na jike akamweka ndani ya kisanduku cha mbao kilichokuwa cha sabuni: udongo wa shubiri moja, kipande cha gome, kizibo cha soda chenye maji, na juu wavu.

"Umejifunza wapi haya?" nikamuuliza.

"Handakini," akasema, akafunga mdomo.

Mdomo ukafunguka tena, lakini kwa buibui. Kila jioni akitoka shambani alivuta kigoda, akamtilia panzi mzima, kisha akaanza kunong'ona na kisanduku. Mimi nasimama nyuma ya mlango na sufuria mkononi, nasikia mnong'ono, nikiingia, ananyamaza. Mimi niliyemzalia Placidia, niliyepalilia mibuni peke yangu yeye akiwa vitani, nilimwonea wivu mdudu! Nasema wazi, nilimchukia. Nyirabahire, mama wa Kinyarwanda aliyekuwa akitusaidia kuchuma kahawa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, wenzako wanaibiwa waume na wanawake wenye miguu miwili," akasema.

Novemba ya mwaka 1980 senene wakaja, wale panzi wa kijani wa msimu. Kwetu mke huwaokota majanini asubuhi, kabla jua halijakausha mabawa yao. Huwanyofoa mabawa na miguu, huwakaanga, na sahani ya kwanza ni ya mume. Mume naye hujibu kwa kitenge. Madukani hakukuwa na kitenge mwaka ule, hata sabuni tulikuwa tukiiota. Ningeridhika na asante. Rwegoshora alimaliza sahani nzima, akalamba chumvi kidoleni, akainuka kwenda kwa buibui wake.

Juma hilohilo aliitwa hospitali Bukoba, watazame kipande cha chuma kilichokuwa begani mwake. Angekaa siku nne. Kabla ya kwenda Omurushaka kupanda basi, aligonga kisanduku kwa ukucha, akanitazama.

"Maji," akasema.

"Na chakula je?"

Alikuwa ameshaingia kwenye migomba.

Sasa mimi nilijua kwamba kwa wiki mbili hajamtilia buibui panzi hata mmoja. Nikadhani amesahau, kama alivyosahau mambo mengine mengi. Nilipochungulia, mdudu alikuwa amepooza, tumbo limekuwa jeusi, hata nikimgusa kwa unyasi hajali. Nikaogopa. Akirudi akamkuta amekufa mikononi mwangu, hata ule mnong'ono wa jioni utaisha, na nyumba hii itakuwa kaburi. Nikaiweka chuki yangu kando.

Nikampa mende, akamkataa. Siku ya tatu nikampa heshima ninayompa mume: senene walionyofolewa vizuri, wanono. Hakuwagusa. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye huletewa vinavyoruka. Nikachagua senene watano wakubwa kuliko wote, nikawatia wazima, na mabawa yao na miguu yao. Nilijisikia kama mtu anayemwandalia mgeni ndizi na maganda yake. Nikafunika wavu, nikaenda zangu.

Asubuhi nilikuta buibui wawili. Nilidhani amezaa! Nikainama. Mmoja alikuwa ngozi tupu, miguu na yote, nyepesi kama ganda la karanga. Wa pili alikuwa amelala chali, mweupe, laini, na tumboni mwake palikuwa na tundu. Senene mmoja alikuwa ameingiza kichwa humo, anatafuna. Nimekula senene tangu niote meno, na sikuwahi kujiuliza wao wanakula nini.

Adhuhuri Rwegoshora akaingia. Hakusema hodi, alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku.

"Nani ametia senene humu?"

"Mimi."

Loo, ile besi! Kuku wote walikimbilia migombani. "Akiacha kula hapewi kitu! Anajiandaa kujivua ngozi! Akishajivua ni laini kama mtoto mchanga, chochote kinamla! Umeona wapi mtu—"

"Na mimi ningejuaje?" nikapaza sauti kuliko yeye. "Hayo yote ulimwambia nani, Baba Placidia? Ulimwambia yeye! Mimi uliniambia maji!"

Akavuta kigoda. Akakaa.

"Sikukuambia," akasema.

"Basi niambie sasa."

Akaniambia. Ukutani mwa handaki lao kulikuwa na buibui kama huyu. Alipojivua ngozi, mtu mmoja aitwaye Cassian alikaa kumlinda mchana kutwa, anawakemea wenzake wasimchokoze. Kesho yake Cassian alikufa, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mume wangu.

"Cassian wa wapi?"

"Wa Kibingo."

"Mama yake anajua?"

"Jeshi lilimwandikia kwamba amepotea. Nasikia bado anamsubiri."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyemzika."

Nikasimama. Mwaka mzima na zaidi, na Kibingo ni hapo tu! Nikambeba Placidia, nikampeleka kwa Nyirabahire. Niliporudi, Rwegoshora alikuwa bado kwenye kigoda, ngozi ya buibui kiganjani. Nikamwambia avae viatu, twende Kibingo.