Ndoo Tatu za Chumvi

Mpima macho alipoona tumbawe lake limeanza kupoteza rangi, kitu cha kwanza alichokishuku ni chumvi. Hakulaumu taa, hakulaumu samaki, wala hakumlaumu mkewe, ingawa kitu kikiharibika nyumbani humo mke ndiye huulizwa kwanza. Alikwenda moja kwa moja stoo, akafunua ndoo ya buluu, akachota chumvi kiganjani, akainusa. Ilinuka chumvi.

Tumbawe lenyewe lilikaa sebuleni, ndani ya tangi la kioo refu kama meza ya watu sita. Alilinunua miaka kumi na moja iliyopita likiwa kipande cha ukubwa wa ukucha, kimegandishwa juu ya kijiwe kwa gundi, na siku ile muuzaji alimwambia bila kumficha kwamba huenda lisimalize mwezi. Lilimaliza mwezi, likamaliza mwaka. Likatoa tawi moja, likatoa jingine, hadi likawa kichaka kipana kama sinia, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wakahamia humo na vurugu zao. Mgeni aliyefika nyumbani aliketishwa mbele ya tangi kwanza. Aliyelisifu tumbawe aliletewa chai na biskuti. Asiyelisifu alikunywa chai yake akaenda zake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikuwa kwenye kona ya sebule hiyohiyo. Watoto walishaoa na kuolewa, wakaondoka, na yeye alizoea kuwaambia wateja wake kwamba ameolewa uke wenza, mwenzake yumo majini. Alisema kwa utani. Lakini mumewe akisafiri, yeye ndiye aliyelikalia tumbawe lile macho kama mgonjwa.

"Mbona mimi naliona lilelile?" alisema asubuhi ile, sindano mdomoni.

"Lilelile vipi? Lilikuwa la zambarau, sasa limekuwa kama majivu. Tazama vizuri."

"Nimetazama."

"Wewe umezoea kutazama nyuzi," mpima macho akasema, na hapo mazungumzo yakaisha. Mtu aliyepima macho ya mji mzima kwa miaka thelathini habishani na fundi cherehani kuhusu kuona.

Sasa, asiyefuga matumbawe atadhani chumvi ni chumvi. Ile ya kwenye ndoo haina undugu na ya jikoni. Imechanganywa vitu vingi vilivyomo baharini, na kila kiwanda kina vipimo vyake. Kinachoumiza watu kichwa zaidi ni alkali, ambayo tumbawe hujengea mifupa yake. Ikipungua, tumbawe halikui. Ikizidi, ncha zake zinaungua. Ndiyo maana kila Jumamosi mpima macho alitoa sehemu moja ya kumi ya maji ya tangi, akatia mapya aliyoyachanganya jana yake, kisha akapima. Alitia maji kidogo kwenye kichupa, akayafanya ya buluu kwa dawa ya kwanza, halafu akadondosha dawa ya pili tone baada ya tone, hadi maji yageuke ya njano. Matone uliyohesabu ndiyo jibu lako. Kwa miaka mingi jibu la nyumba ile lilikuwa tisa.

Jumamosi ile alihesabu saba. Akarudia, akapata saba. Akashusha pumzi kama mtu aliyemkamata mwizi.

Duka la samaki wa mapambo liliendeshwa na mama mmoja ambaye wafugaji wote walimwita Bi Mapovu, kwa sababu dukani mwake mlikuwa na pampu nyingi zikitoa mapovu hata ukimsemesha ilibidi upaze sauti. Alikuwa mwanamke mwenye haraka ya mikono na uvivu wa maneno. Alimsikiliza mpima macho mpaka mwisho, akaifuta mikono kwenye aproni.

"Saba si ndogo sana, mzee. Matumbawe ya watu wengine yanaishi na saba."

"La kwangu halijazoea saba."

"Basi niletee maji kwenye chupa nikupimie. Sikutozi kitu."

Mpima macho akatabasamu tabasamu lile analowapa wagonjwa wanaotaka kujiandikia dawa wenyewe. "Bi Mapovu, kupima ndiyo kazi yangu."

Bi Mapovu akainama. Akamwonyesha ndoo nyekundu iliyokuwa chini ya rafu. Chumvi yake ilikuwa na alkali nyingi kuliko ya buluu, akasema, na asibadilishe kwa pupa, bali achanganye nusu kwa nusu kwa mwezi mzima. Mpima macho akaigeuza ndoo, akasoma maandishi ya ubavuni, madogo kama chawa, bila kuvaa miwani. Alisoma kwa sauti ili Bi Mapovu asikie vizuri. Alikuwa na miaka sitini na minne, na tangu mwaka jana miwani ya kusomea alikuwa ameitupa kwenye droo. Macho yake yamerudi ujanani, alipenda kusema, na alisema mara nyingi kiasi cha kuwachosha watu.

Akaenda nyumbani na ndoo nyekundu. Alichanganya nusu kwa nusu kwa wiki mbili, kisha subira ikamwishia. Akaanza kutoa theluthi nzima ya maji badala ya sehemu moja ya kumi. Kipimo kikapanda hadi nane. Lakini ncha za tumbawe, ambazo mpaka wakati huo zilikuwa laini na zima, zikaanza kuwa nyeupe, na safari hii hata mkewe aliziona.

"Sasa ndiyo linaumwa," mke akasema. Aliacha kushona akaja kusimama mbele ya kioo. "Hebu lirudishie chumvi yake ya zamani."

"Chumvi ya zamani ndiyo iliyolifikisha hapa. Kinachotakiwa ni tisa."

Akanunua ndoo nyeusi, iliyo kali kuliko zote. Wiki tatu baadaye kipimo kikafika tisa kamili, tone la tisa likigeuza maji njano mbele ya macho yake, na siku hiyohiyo tawi kubwa la katikati likavua ngozi yake yote. Ilikuwa ikielea majini vipande vipande. Samaki wawili wa machungwa walihama wakajibana nyuma ya pampu.

Mpima macho akaketi kwenye kiti cha wageni, akashika tama. Aliogopa. Miaka kumi na moja yote ilikuwa mle, na alijua kwamba kwa mwendo ule mwezi hautaisha tumbawe likiwa hai. Ila pamoja na woga, kitu kingine kilikuwa kikimwasha, maana hesabu haikukubali. Tisa ilikuwa tisa. Tumbawe lililonona kwa tisa miaka yote linaungua vipi kwa tisa ileile?

Jumamosi iliyofuata hakugusa tangi. Alitandika gazeti juu ya meza, akapanga vikombe vitatu vya kioo, na mbele ya kila kikombe akaweka ndoo yake. Akapima gramu kwa mizani ya jikoni, akakoroga, akangoja. Ya buluu iliyeyuka upesi. Nyekundu iliacha unga chini. Nyeusi iliyafanya maji kuwa na ukungu kwa nusu saa kabla hayajatakata. Alikuwa na furaha ya ajabu akiyatazama, hata mkewe akamwuliza kama amepata nafuu au amechanganyikiwa.

"Nataka kujua nani mwongo," akajibu. Kwenye kila ndoo kiwanda kilikuwa kimeandika alkali yake: buluu tisa, nyekundu kumi na moja, nyeusi kumi na tatu.

Alifungua dawa mpya ya kupimia ili dawa ya zamani isije ikasingiziwa. Akaanza na ya buluu. Maji yakageuka njano kwenye tone la saba, mbili chini ya ilivyoandikwa. Akapima nyekundu, akapata tisa, mbili chini tena. Akabaki ameshika kichupa hewani.

"Mke wangu, viwanda viwili, kila kimoja nchi yake, na vyote vinapunja kwa kiasi kilekile. Unaweza kuniambia wamekutana wapi hawa?"

"Labda ni ndugu," mkewe akasema.

Alipokuwa akibandua kifuniko cha kichupa cha pili cha dawa, kisu kikateleza kikamkata kidole gumba. Halikuwa jeraha kubwa, lakini damu ilimtoka. Mkewe alimfunga kitambaa, akamkalisha, akachukua mwenyewe sirinji ya kudondoshea dawa. Mkono uliozoea kutunga uzi kwenye tundu la sindano haukuwa na shida na matone.

"Mimi nadondosha, wewe utasema basi," akasema.

Akadondosha, wakahesabu pamoja. Sita, saba, nane. Maji ya ndoo nyeusi yalikuwa ya buluu, yakaanza kulegea. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Basi," mpima macho akasema. "Kumi na moja. Mbili chini. Hata huyu mwongo."

"Basi nini? Bado."

"Yamekuwa njano."

"Haya? Haya ni kijani, mume wangu. Kijani cha jani."

"Njano."

Mkewe akaendelea. Alidondosha la kumi na mbili akatikisa kichupa, akadondosha la kumi na tatu, kisha akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Hiyo ndiyo njano," akasema.

Kumi na tatu, kama kiwanda kilivyoandika. Mpima macho akakitazama kichupa, akamtazama mkewe, akarudi kwenye kichupa. Hakuona tofauti yoyote kati ya tone la kumi na moja na lile la kumi na tatu.

Mkewe aliweka sirinji chini taratibu. Alikwenda kwenye mashine akarudi na vibiringo viwili vya uzi, akaviweka juu ya gazeti. "Kipi cheupe?"

"Vyote vyeupe."

"Kimoja ni rangi ya malai. Nakishonea gauni la bibi harusi wa Jumatano, na mama yake amekikataa kwa sababu si cheupe."

Mpima macho akavigeuzageuza vibiringo vile kiganjani. Wazee wangapi walikuwa wamekuja kliniki kwake wakijigamba kwamba wametupa miwani ya kusomea, na yeye akawaambia wasifurahi mapema? Lenzi ya ndani ya jicho inapoanza kuzeeka, inavimba, na mtu anasoma maandishi madogo bila miwani kwa mwaka mmoja au miwili. Wakati huohuo inageuka njano, polepole, na kumlia buluu yake bila yeye kujua. Alikuwa akiyaeleza hayo mara mbili kwa wiki. Alikuwa na mchoro wake ukutani. Kazini herufi zote ni nyeusi kwenye karatasi nyeupe, na hapakuwa na kitu cha kumshtua.

"Mimi ndiye niliyeliua," akasema.

"Halijafa lote."

"Liliponionyesha majivu halikuwa na kitu. Lilikuwa zima. Nikalimwagia alkali juu ya alkali."

Fundi cherehani angeweza kusema mengi hapo, na mengine yalimfika kwenye ncha ya ulimi, maana alikuwa ameambiwa amezoea nyuzi. Aliyameza. Akamwuliza tu wafanye nini kwanza. Mpima macho akajibu kwamba wasifanye lolote kwa pupa, warudi kwenye ndoo ya buluu, sehemu moja ya kumi kwa wiki, na kwamba kuanzia leo anayesema basi ni yeye mke. Jumatatu alimwomba mwenzake wa kliniki ampime. Mwenzake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, alichungulia kwa muda mrefu, akavuta kiti nyuma. "Mtoto wa jicho, mwalimu. Macho yote mawili." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea radhi.

Kipimo kilishuka polepole, kumi na moja, kumi na nusu, kumi. Kila Jumamosi mke alidondosha na mume akaandika. Matawi ya katikati yalikufa yote yakabaki mifupa mitupu. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyejua kama pembeni kutapona. Bi Mapovu, aliposimuliwa, hakucheka. Alikuja nyumbani na chupa yake akachukua maji ya kupima, na safari hii hakuna aliyemkatalia.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, daktari wa upasuaji alimtoa mpima macho lenzi ya jicho la kulia akamwekea mpya. La kushoto lingefuata baadaye. Kesho yake bandeji ilipotolewa, mkewe alimrudisha nyumbani akamwacha sebuleni, akaenda jikoni kuchemsha maji.

Aliporudi alimkuta mumewe amesimama mbele ya tangi, mkono umefunika jicho la kushoto. Akautoa, akafunika la kulia. Akarudia. Kwa jicho la zamani, lililobaki la tumbawe lilikuwa kichaka cha majivu, na maji yalikuwa kama chai hafifu. Kwa jicho jipya, maji yalikuwa buluu, na pembeni mwa mifupa mitupu yale matawi mazima yalikuwa ya zambarau, zambarau kali iliyoiva. Alibadilisha mikono labda mara ishirini. Alitaka kujua mpaka wa tofauti ile uko wapi, na hakuupata.

"Lilikuwa hivi siku zote?" akauliza.

"Siku zote," mkewe akasema.

Akaomba kichupa na dawa. Alidondosha mwenyewe, akitazama kwa jicho la zamani kwanza, akasema basi kwenye tone la saba. Halafu akalifunika, akatazama kichupa kilekile kwa jicho jipya, na ndani yake mlikuwa na maji ya kijani cha jani. Akaongeza tone la nane. Akaongeza la tisa, maji yakawa njano, na safari hii aliiona njano.

"Matone mawili," akasema. "Mawili tu, mama watoto."

Akakaa kwenye kiti cha wageni, kichupa kikiwa bado mkononi, akalia kwa macho yote mawili, jipya na la zamani. Mkewe alimwacha kidogo. Kisha akachukua kitambaa safi kwenye meza ya kushonea, akamshika kidevu, akamfuta shavu la kulia kwa uangalifu.

"Daktari alisema hilo lisiingie maji," akamwambia.