Mwiko wa Kichwa cha Baba

Tangu mzee Maake aliporudi nyumbani kutoka hospitali ya mji wa Neiafu, binti yake Lesieli hakuwa tena na raha ya kusikia kijiko kikigonga bakuli. Kila mlo ulikuwa kesi. Kiharusi kilimpiga mzee upande wa kushoto, mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande, na koo lililohubiri kanisani miaka nenda miaka rudi bila kipaza sauti likasahau kazi ndogo ya kumeza. Tayari mara moja chakula kilikuwa kimepita njia ya pumzi kikamletea homa ya mapafu. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia Lesieli kwamba ikija homa ya pili, asitegemee mzee atapona.

Ndipo alipoletwa Pesi, msichana wa Kitonga aliyekulia ng'ambo, mjini Auckland, mtaalamu wa mazoezi ya kumeza. Alikaa kisiwani kwa muda mfupi, akamfundisha mzee kubana ncha ya ulimi kwa meno kisha ameze mate, kumeza kwa nguvu kama mtu aliyekwamwa na kidonge, na kukandamiza kwa kidevu taulo lililokunjwa. Majirani walichungulia dirishani wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana si kila siku unamwona mhubiri mzima ametoa ulimi kama mtoto anayemzomea mwenzake. Maake naye alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai. Lesieli hakucheka.

"Akikohoa, dada, usipaparike," Pesi alimwambia siku ya kuondoka. "Kikohozi ni mlinzi wake. We ogopa akinyamaza. Wapo ambao chakula kinawaingia mapafuni na hawakohoi hata kidogo. Kwa hiyo sikiliza sauti. Ukisikia ina majimaji, kama mtu anayeongea na maji kooni, mkalishe wima, jifunge kitambaa kidoleni, umfute ndani ya shavu la kushoto. Shavu hilo lina ganzi. Chakula kinajificha humo, yeye hana habari, akilala kinateremka. Na kila baada ya kula ulikague, hata kama sauti ni nzuri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alielewa vizuri sana. Shida ni kwamba kwa mila ya Kitonga mtoto hagusi kichwa cha baba yake. Hagusi nywele, hagusi uso, sembuse kinywa. Pesi aliujua mwiko huo kwa kuusikia tu, kama wanavyoujua watoto wa Auckland, lakini Lesieli aliujua kwa fimbo. Alipokuwa mdogo alivuta sikio la baba yake kwa mchezo, bibi yake akamchapa mpaka akakojoa, na baba mtu akakaa pale pale akitazama bila kumtetea. Mambo kama hayo hayamtoki mtu hata awe na mvi.

Mama yake ndiye aliyekuwa akimnyoa mzee na kumfuta uso, na mama alikuwa kaburini. Akabaki mtu mmoja tu ambaye mkono wake haukuwa na kosa juu ya kichwa kile: shangazi Kalolaine, dada yake Maake, kwa kuwa kwao dada humzidi kaka kwa heshima hata awe mdogo kwake. Lakini huyo naye alikuwa na mwiko wake. Dada na kaka wakishavuka utoto, mmoja haingii chumba anacholala mwenzake. Shangazi aliishi nyumba ya pili, akileta viazi vikuu vilivyopondwa anaviacha barazani na kumjulia hali kaka yake kwa kupitia ukutani. Basi mwenye ruhusa ya kugusa hakuwa na ruhusa ya kuingia, na mwenye ruhusa ya kuingia hakuwa na ruhusa ya kugusa, na katikati yao alilala mgonjwa.

Lesieli akafanya wanachofanya waoga. Akauliza. "Baba, kinywani hamna kitu?" Maake anatikisa kichwa kwamba hamna, naye anashusha pumzi na kuondoka na bakuli. Pesi alipopiga simu kuuliza kama shavu linakaguliwa, alijibu kwamba analiangalia kila siku. Hakudanganya moja kwa moja. Aliliangalia kwa nje.

Jumapili moja mzee alitaka kula lu. Alikuwa amechoka na uji mzito, na harufu yake ya majani ya magimbi na tui la nazi kutoka kwenye tanuri la ardhini ilikuwa imejaa uani. Lesieli aliyaponda majani, akayachuja, akayaponda tena. Mzee alikula amekaa wima, kidevu chini, akimeza kwa nguvu mara mbili kwa kila kijiko kama alivyofundishwa. Hakukohoa hata mara moja. Lesieli alimtazama koo likipanda na kushuka, na kila liliposhuka moyo wake nao ulirudi mahali pake.

"Kinywani hamna kitu, Baba?"

Akatikisa kichwa. Lesieli akamlaza kitandani.

Alikuwa jikoni anaosha bakuli aliposikia anaitwa. "Lesi," mzee alisema chumbani, na sauti ilikuwa na majimaji.

Bakuli lilimtoka mkononi. Alijiambia amesikia vibaya, akasimama akisikiliza, akitamani kikohozi kama mtu anavyotamani mvua. Hakikuja. Sauti ikaita tena, imelowa zaidi, inabwabwaja. Alikimbilia chumbani akamkuta baba yake amekodoa macho, midomo imeanza kubadilika rangi, kifua kinapanda kwa shida, na bado yuko kimya.

Alimshika mabega akamvuta. Maake alikuwa pande la mtu, na upande uliokufa ulimwelemea kama gunia la mchanga lililolowa, lakini hofu ina nguvu zake, akamkalisha, akamwegemeza ukutani. Akajifunga kitambaa kidoleni. Mkono wake ukafika karibu na uso wa baba yake, ukasimama hewani. Haukutaka kwenda. Aliuambia uende na haukwenda.

"Shangazi!" alipiga kelele. "Shangazi Kalolaine! Baba anakufa!"

Kalolaine alikuwa anatoka kwenda kanisani, amejifunga kiunoni mkeka wa heshima unaovaliwa ibadani. Alivuka ua mbio, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akafika mlangoni, na vidole vya miguu vikakoma kwenye kizingiti kana kwamba mbele yake pana shimo.

"Ingia, Shangazi! Umtoe chakula mdomoni!"

"Siwezi kuingia humo."

"Mimi siwezi kumgusa!"

Walitazamana. Lesieli aliona woga wake mwenyewe kwenye uso wa shangazi yake, na hilo lilimtisha kuliko kitu chochote, kwa kuwa tangu azaliwe alidhani mama yule haogopi hata kifo. Koo la Maake likatoa mlio mdogo wa kukwama.

Mkono ukaenda. Lesieli hakukumbuka baadaye kuuamuru. Kidole kiligusa mdomo, na Maake akafumba meno. Aliyafumba kabisa, akageuza uso ukutani, na kwa mkono wake mzima akamsukuma bintiye mbali.

Hapo ndipo Lesieli alipoelewa. Ganzi au si ganzi, mzee alijua siku zote kwamba shavu lina chakula. Alikuwa akitikisa kichwa makusudi, ili mwanawe asiuvunje mwiko, asije akapatwa na baya kwa ajili yake. Walikuwa wanaogopeana kila mlo, yeye na baba yake, na sasa alikuwa tayari kufa amefumba mdomo.

"Baba, fungua! Baba, nakuomba!"

Maake alikataa kwa macho.

"Maake!"

Ilikuwa sauti ya mlangoni, na haikuwa sauti ya kusalimu kupitia ukutani. "Maake, we kaka, unanisikia? Nani mkubwa kati yetu?"

Macho ya mzee yakageuka.

"Nimeuliza nani mkubwa! Huo si mkono wa Lesieli. Huo ni mkono wangu, nimeuleta humo ndani kwa kuwa miguu yangu haiingii. Unataka kuusukuma mkono wangu? Utaniaibisha mbele ya mtoto? Fungua kinywa hicho haraka, mjinga mkubwa we, kabla sijaingia nikakifungua mwenyewe tukaaibika wote!"

Meno yakaachana. Lesieli akaingiza kidole kwenye lile shavu legevu, lenye joto, akakomba donge la majani la ukubwa wa kidole gumba, akarudi akakomba tena. Halafu Maake akakohoa. Alikohoa kwa kifua chote, machozi yakamtoka, mate na tui vikaruka hadi kwenye gauni la bintiye, na Lesieli akalia kwa sauti akimwambia, "Kohoa, Baba, kohoa, usiache."

Kikohozi kilipotulia, Kalolaine alikuwa ameketi kizingitini, mgongo kawapa, mkeka umemkaa upande. "Sauti yake vipi?" aliuliza.

"Baba, sema kitu."

"Lesi," alisema Maake. Sauti ilikuwa kavu.

"Haya. Lakini kuna kilichoteremka kabla hujafika," shangazi alisema. "Nesi yuko kanisani, nitamwita aje na kipimajoto ibada ikiisha. Na sasa mguse paji la uso, utuambie kama homa imeanza."

Lesieli aliweka kiganja kwenye paji la uso la baba yake. Ngozi ilikuwa laini kuliko alivyodhani, na mfupa ulikuwa karibu.

"Lina joto," alisema.

"Joto la homa au joto la mtu?"

"Sijui, Shangazi. Sijawahi kumgusa uso. Sijui siku zote huwaje."

Kalolaine aliuweka sawa mkeka wake. Kanisani walikuwa wameanza kuimba. "Tulipokuwa watoto alikuwa na joto kuliko sisi wote," alisema mwishowe. "Au nakumbuka vibaya. Ni zamani mno, mwanangu."

Maake alikuwa amefumba macho. Lesieli hakuuondoa mkono wake. Aliuacha pale pale ujifunze joto lile, ili likipanda aweze kujua.