Ile Taa ya Kulia

Mimi ni mwoga, najisema mwenyewe kabla hamjanisema. Nalala Lindi, Kibera, na kila asubuhi natembea hadi stendi ya Kawangware 56, ambako nafungua taa za magari zilizoingia maji. Karakana yangu ni ukuta wa Mama Ciru na kivuli chake, basi. Mwaka huu ni wa nane. Mwaka jana Boaz, fundi wa betri aliyekaa jirani yangu ukutani hapo, alimwaga asidi mbele ya geti la mama huyo asubuhi. Kufika saa sita alikuwa amefukuzwa, vitu vyake viko kwenye mkokoteni.

Kwa hiyo Jumanne ile Mama Ciru aliponiachia gari lake mwenyewe, nililizunguka mara mbili kabla ya kuligusa.

"Khamala, ile ya kulia fungua, toa maji yote. Hiyo ingine wachana nayo, iko sawa. Saa nane natoka, naenda Njabini kuleta Ciru na katoto. Na huko jioni kuna ukungu, hauoni hata mkono yako."

"Sawa, mathe."

Jua lilikuwa kali na taa zote mbili zilionekana kavu. Maji ya taa yana ujanja huo: kukiwa na joto yanajificha, kukipoa yanarudi. Basi nikashika neno lake. Nikang'oa taa ya mkono wa kulia, nikaipeleka saluni ya Mercyline hapo jirani, nikaiketisha chini ya draya kati ya wanawake wawili wenye rola kichwani. Gundi inayoshika kioo ikalainika kidogo. Nikaingiza bisibisi, ikagoma. Nikaongeza nguvu.

Ka! Mguu wa plastiki unaoshikilia taa isicheze ukakatika. Kioo nacho kikaachia, na kilichonitia baridi zaidi ni pale ndani: pakavu kabisa, hata alama ya tone hakuna.

Nikarudi mbio kwenye gari. Wingu lilikuwa limefunika jua, na taa ya kushoto ilikuwa inatiririka kwa ndani. Inalia. Ile ya kulia! Mama hakusema mkono, alisema machozi. Nani humwambia fundi hivyo? Kila mtu, nikakumbuka. Hata mimi huwauliza wateja, "Ni gani inalia?"

Nilifanya ile ya kushoto vizuri: kifuniko cha mpira cha nyuma kilikuwa kimepasuka, nikabadilisha, nikakausha, nikaziba. Ile nyingine nikaipaka supaglu mguuni na kuirudisha. Supaglu! Shimo la kwanza tu taa ingeinama na kumulika mtaro. Nilijua. Nikapangusa kioo king'ae.

Saa nane Mama Ciru akaja, akaziangalia zote mbili.

"Umefanya mpaka ile sikukwambia? Mungu akubariki."

Baraka ile iliniuma kuliko tusi. Akafungua mlango wa nyuma, akatandika blanketi dogo jipya la manjano kwenye kiti, akalipigapiga taratibu kana kwamba kuna mtu tayari amelala pale.

"Ako na siku nne," akasema.

Nikauona ukuta, nikauona mkokoteni wa Boaz. Akaingia, akawasha gari.

"Mathe, zima. Nilifungua ya kulia."

"Si ndiyo nilikwambia?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Neno lenyewe lilikuwa limenipa pa kutorokea, na Mungu anajua nilitaka kutoroka.

"Ya mkono wa kulia," nikasema. "Haikuwa inalia. Nimeivunja, nikaweka glu. Itaanguka njiani."

Akazima. Akashuka, akachuchumaa mbele ya taa, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikacheza.

"Ungeniacha niende?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Karibu nikuache, mathe."

Aliniangalia mpaka nikaangalia chini. Kisha akavuta stuli yangu, akakaa, mkoba juu ya magoti.

"Toa hiyo kitu. Weka mguu ya chuma, mimi nangoja hapa. Ukimaliza tunaenda na wewe Njabini. Ni wewe utabeba mtoto tukirudi, uone hiyo taa yako inamulika nini."

Nikachukua bisibisi. Nikaanza kuing'oa ile taa tena, safari hii polepole.