Sauti ni Mwenyewe

Katika nchi ya Kinadini hakuna kinachouzwa kimyakimya. Unga una sauti yake, sabuni ina sauti yake, hata dawa ya kunguni ina mtu wake wa kuisifu. Katikati ya soko kuu umesimama mnara wa mawe, na toka alfajiri mpaka magharibi humiminika humo vicheko, nyimbo na nasaha za watu wasioonekana, wakiwahimiza wanaoonekana wanunue. Ukipita huko utakuta masikio ya wananchi yameshiba kuliko matumbo yao. Nchi hiyo haina mfalme. Ina Wenye Ghala saba, na juu yao yuko Mwinyi Tajamali, ambaye jina lake ni la wema na wema wenyewe uliishia kwenye jina. Yeye husafiri kwa machela yenye mapazia na amri zake hutoka mnarani, kwa hiyo hata walinzi wake wanaijua sauti yake tu, uso hawaujui.

Wanaozikopesha bidhaa sauti ni waigizaji, ambao huko huitwa Vinywa. Kinywa hodari huwa babu asubuhi na mtoto mchanga adhuhuri, na ukifumba macho hutajua. Mafundi wa mnara huzinasa sauti zao na kuzihifadhi vyunguni, kila mtu na chungu chake, kisha huzimimina siku zinapotakiwa.

Aliyewapita wote ni Bi Rehani, muasisi wa chama chao, aliyeusifu unga wa Ghala la Kwanza miaka thelathini kwa maneno matatu tu: "Njoo, mwanangu, ule." Maneno hayo hakuyatunga. Ndivyo alivyokuwa akimwita binti yake, Zawena, chakula kikiiva.

Bi Rehani akafa, akazikwa. Siku ya tatu ya matanga wanawake wamekaa mkekani, nyumba imetulia kama inavyopasa, mara mnara ukaita: "Njoo, mwanangu, ule." Aliyekuwa akimimina kahawa aliendelea kumimina kikombe kikafurika, kwa kuwa mkono ulikuwa umesahaulika. Zawena aliinuka kuitika. Naam, aliinuka, mguu ulitangulia akili, na alipokumbuka alikuwa ameshafika mlangoni.

Alikwenda moja kwa moja kwa karani wa mnara. Karani akamfunulia mkataba wa mama yake na kumwonyesha palipoandikwa: sauti yake, leo na baadaye.

"Baadaye ni lini?" Zawena akauliza.

"Ni baada ya leo, dada yangu."

"Mama amekufa."

"Na kufa ni baada ya leo," karani akasema, akafunga daftari.

Vinywa wote walikuwa wametia saini neno hilo hilo. Lakini nani angelishuku? Huko Kinadini, kama kwingineko, mtu humwambia jirani "baadaye" na kurudi kabla chungu hakijachemka. Walidhani wameahidi masika yajayo, kumbe wameahidi kaburi.

Bahati ni kwamba mkataba wa matangazo hufanywa upya kila mwaka wa saba, na mwaka huo ulikuwa umewadia. Chama kikamtuma Zawena, naye Kinywa kama mama yake, pamoja na wajumbe wenzake, mezani na dai moja: neno "baadaye" lifutwe, na mtu akifa azikwe na sauti yake. Wenye Ghala walikataa kwa siku arobaini. Vinywa wakagoma, wasitoe hata chafya mbele ya mafundi, na mnara haukujali. Uliendelea kuvimimina vyungu, vya walio hai na vya waliokufa.

Siku ya arobaini na moja Mwinyi Tajamali mwenyewe aliletwa na machela hadi ukumbini. Akasema nyuma ya pazia kwamba amemleta mwanachama mwandamizi aje kuwasuluhisha. Fundi akaweka chungu mezani na kukifunua.

"Wanangu, mimi nimeridhia," ikasema sauti ya Bi Rehani. "Tieni saini."

Nimesimulia dhuluma nyingi maishani mwangu, lakini hii ilinifunga ulimi. Marehemu hakuyasema maneno hayo kamwe. Mafundi walikuwa wamemkatakata silabi kwa silabi na kumshona upya, kama fundi cherehani anayegeuza sanda kuwa kanzu. Wajumbe waliduwaa.

"Huyu si mama," Zawena akasema.

"Sauti ni ya nani?" Tajamali akamwuliza kwa upole.

"Ni ya mama."

"Basi sauti ni mwenyewe. Kuanzia leo hiyo ndiyo sheria. Karani, andika."

Zawena akaitazama kalamu ya karani. Kisha akauliza, "Ni sheria ya Vinywa peke yetu, Mwinyi?"

"Ni ya kila mwenye koo."

Akaomba isomwe mara mbili na ipigwe mihuri yote saba. Wenye Ghala waliipiga wakicheka, nao wajumbe wakaondoka bila kuaga.

Siku mbili baadaye, adhuhuri, soko likiwa limejaa, mnara ulinguruma kwa sauti ya Mwinyi Tajamali, na kile kikohozi chake kifupi kati ya maneno. Iliwaamuru walinzi wavitoe vyungu vya marehemu wote na kuvivunja, wenyewe wapate kupumzika. "Na akitokea mtu mwenye sauti kama yangu kuipinga amri hii," ikaongeza, "msimsikilize. Huyo ni chungu."

Nani aliyesema hayo, sijui. Wako wanaoapa kwamba wakati huo Zawena alikuwa sokoni akichagua vitunguu, na wako wanaosema hakuonekana siku nzima. Walinzi hawakuuliza, waliizoea sauti hiyo tangu walipoajiriwa. Walipanga vyungu uwanjani na kuanza kuvipiga rungu kimoja kimoja. Watu waliziba masikio, wakiogopa mayowe ya wafu, lakini vyungu vilivunjika kwa mlio wa vyungu tu. Cha Bi Rehani kilipopasuka, vikongwe waliokuwapo wakakaa chini pale pale vumbini, wakaanza matanga yake upya.

Ndipo mzee mmoja mnene alipokuja mbio, miguu mitupu, kanzu ameikunja magotini, akiwasukuma watu.

"Acheni," akasema akihema. "Si mimi niliyetoa amri hiyo."

Walinzi wakageuka. Sauti waliifahamu vizuri sana. Uso hawakupata kuuona. Mkubwa wao akainua rungu lililojaa vumbi jekundu la vyungu, akamsogelea, akamwuliza kwa adabu zote:

"Shikamoo mzee. Wewe umetoka chungu gani?"