Tina Isiyokula Povu

Kasmuri hakuwa na barakoa yenye kichujio. Alijifunga kipande cha fulana kuukuu. Hakuwa na glavu. Hakuwa na dirisha upande wake wa karakana, wala cheti, wala mtu wa kumuuliza. Pua alikuwa nayo, na asubuhi hiyo pua ilikuwa imeikataa harufu ya vanishi.

Aliweka chini bunduki ya rangi. Juu ya meza ya mtiki vanishi ilikuwa imeota weupe, kama mtoto wa jicho.

"Mvua hizo, Kang," alisema Pak Sugito, msimamizi; kwa Kijava Kang ni kaka, Yu ni dada, Pak ni bwana. "Mji mzima wa Jepara unalalamika."

"Jana haikunyesha."

"Basi mkono wako umezeeka."

Nyuma yao Ngatini, mpiga msasa, alimimina chai nje ya kikombe. Alijua tu ilipomuunguza goti.

"Yu Ngatini ana mchumba, mawazo hayapo hapa!" wenzake wakacheka.

"Mchumba gani? Naona ukungu tangu juzi. Nesi kasema ni uzee, ninunue miwani."

"Maziwa umekunywa?" aliuliza Sugito. Kila mtu aligawiwa kopo moja kila asubuhi, kwani wote waliamini maziwa huosha sumu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia vanishi.

"Mawili, Pak."

"Ongeza la tatu."

Hapo hakuna aliyecheka. Kasmuri mwenyewe alikuwa ameyaamini maziwa hayo miaka kumi na tisa. Sasa alimtazama Ngatini akipapasa kopo mezani, akaanza kuyashuku.

Mchana, wengine walipokwenda kuswali, alichota tina ya pipa jipya na kutumbukiza kipande cha boksi jeupe la chakula, lile la povu gumu. Tina aliyoizoea hulila povu hilo kama moto ulavyo nailoni. Hii ililiacha likielea, zima. Akanusa. Spiriti. Ile ile iliyowahi kuwapofusha wanywaji wa pombe ya magendo mtaani kwao. Akagusa lebo ya pipa. Gundi ilikuwa mbichi; mtu alikuwa ameibandika upya.

"Unapika nini, Kang?" Sugito alikuwa mlangoni.

"Naosha bunduki."

"Kwenye boksi la chakula?" Alitabasamu. "Natafuta msimamizi wa pili. Mtu asiye na maswali mengi."

Jioni Kasmuri alimpa Ngatini kichupa cha tina ile, kilichokazwa kifuniko.

"Achana na miwani, Yu. Nenda hospitali kubwa leo hii. Mwambie daktari hiki ndicho tunachovuta."

"Na Pak Sugito akijua?"

"Atajua tu."

Nyumbani aliwaandikia barua wakaguzi wa kazi wa serikali, akaifunga bahasha kwa punje za wali, akizisugua kwa kidole gumba.

Kesho yake karani wa posta aliigeuzageuza. "Hakuna jina la mtumaji, Pak. Si lazima, lakini."

Kasmuri alitazama nyuma. Foleni ilikuwa ya watu watatu. Mmoja alikuwa akilisoma tangazo la ukutani kwa muda mrefu mno. Akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote, polepole, wino ukitawanyika kidogo pale wali ulipokuwa umelainisha karatasi. Karani akagonga muhuri, akaitupa guniani.